Mkono Mwepesi wa Trela

Garsen mjini humwita Mama Boti, naye huitika. Kijijini kwao Wema bado ni Mama Komora, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Jina lake hasa ni Asenath Hiribae. Ni mwanamke mrefu, mkavu wa mwili, asiye na maneno mengi. Alizaliwa shambani kando ya mto Tana, akashika kafi kabla ya kushika kalamu, na alipoolewa akawa anavusha watu na magunia ya mpunga kwa mtumbwi wa mumewe. Mume alipofariki kwa maradhi ya figo, mtumbwi ulibaki kwake na kazi ikaendelea. Baadaye wavuvi wa Ozi, kule mto unapoingia baharini, walimfundisha kuendesha boti ya mashine. Walimkubali kwa sababu aliyajua maji. Akiutazama mto, aliona pale gogo lilipojificha na pale kiboko alipokuwa anavuta pumzi.

Ndiyo maana kikundi cha uokoaji kilipoundwa Garsen, na wafadhili wakaleta boti ndogo ya faiba, kazi ya unahodha ilimwangukia yeye. Boti ilikaa uani, juu ya trela ya magurudumu mawili. Mafuriko ya Tana hayana mahali pamoja. Leo yamefunga njia huku, kesho yamezunguka kijiji kule, kwa hiyo boti huvutwa kwa barabara mpaka pale lami inapozama, kisha ndipo inaingizwa majini.

Wa kuivuta alikuwa Abduba Guracha, Muorma wa makamo, mpole, aliyewahi kuendesha malori ya ng'ombe mpaka Mombasa. Ilikuwepo miaka ambayo Mpokomo kama Asenath na Muorma wasingekaa kiti kimoja cha gari. Hawa wawili walikula chapati kwenye karatasi moja, na Abduba alikuwa na desturi ya kumwachia Asenath kipande cha mwisho.

Shida iliingia kwa sura ya zawadi. Mashine ya zamani ilikuwa ndogo, ya nguvu za farasi kumi na tano, na kwenye mkondo mkali ilikuwa inalia bila kusogea. Wafadhili wakaleta mpya ya farasi arobaini. Wanaume wanne walitoka jasho kuipandisha kwenye tezi, yaani nyuma ya boti. Mguu wa mashine ulikuwa mrefu, ukawa unagonga chuma cha nyuma cha trela, basi wakaamua kuisogeza boti nyuma kidogo. Ile nguzo ya mbele ya trela yenye winchi ya kuvutia boti, ambayo pua ya boti huegemea, wakaifungua nati, wakaivuta nyuma, wakaikaza tena. Kila mtu aliona kazi imekwisha vizuri.

Siku ya kwanza ya kuivuta, Abduba aliinama kuushika mkono wa trela, yaani kile chuma kirefu cha mbele kinachofungwa kwenye pikapu. Siku zote kilihitaji watu wawili. Safari hii alikiinua peke yake, kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ukiwa bado na kikombe cha chai.

"Leo trela imeshika adabu," alisema.

Watu wakacheka. Asenath hakucheka, lakini hata yeye hakujua ni kwa nini.

Walipotoka mjini kuelekea Minjila, barabara ilikuwa kavu na tupu. Abduba alipoongeza mwendo, Asenath alihisi kiti kinamsukuma begani, kushoto, kulia, tena kushoto. Alitazama kioo cha pembeni. Boti ilikuwa inatikisa makalio polepole, kama mkia wa mbwa ambaye hajaamua kama anakujua. Abduba akapunguza mwendo, ikatulia.

"Upepo," alisema.

Asenath alitazama nyasi za kando ya barabara. Zilikuwa zimesimama wima.

Baada ya hapo walijaribu kila walichokijua. Walijaza magurudumu upepo, wakabadilisha beringi, wakabadilisha hata lile tufe la chuma lililoko nyuma ya pikapu ambalo mkono wa trela hukaa juu yake. Kila mara ukiendesha taratibu, ilitulia. Ukiongeza mwendo, mkia ulianza kucheza. Abduba akazoea kwenda taratibu, na kwa kuwa hakukuwa na dharura, wengine wakasahau. Yeye hakusahau. Asenath alimwona jinsi alivyokuwa akishika usukani kwa mikono yote miwili, mtu ambaye zamani aliendesha kwa kidole huku akisimulia.

Kisha redio ikaanza kusema habari za mvua za juu, Meru na Garissa, na habari za mabwawa yaliyojaa. Garsen jua lilikuwa linawaka. Hicho ndicho kitu cha kutisha kuhusu Tana: maji yanayokuja kukuua hunyesha kwa watu wengine. Mto ulianza kubeba mabua ya mahindi, kisha majani makavu ya mapaa, kisha siku moja mlango mzima wa nyumba, umepakwa rangi ya buluu, ukapita katikati ya mto ukizunguka taratibu, na komeo lake bado limefungwa. Waliosimama darajani waliutazama mpaka ukapotea. Ndugu zake Abduba walikuwa wameshahamisha ng'ombe kutoka malisho ya chini.

Asubuhi iliyofuata mvua ikafika Garsen yenyewe. Ilikuwa bado inanyesha simu ya Asenath ilipolia. Alikuwa Buya, mkulima kijana mwenye shamba upande wa chini wa Wema, mahali palipojitenga na wengine.

"Mama Komora, maji yamefika kizingitini," alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, kama mtu anayeuliza bei. "Niko mimi, Linda na mtoto. Mtumbwi ninao, lakini ni ule mdogo, na mkondo siupendi."

"Usiuingize mtumbwi majini. Tunakuja."

Walipakia kwa haraka. Madebe ya petroli, kamba, makoti ya kuelea, yote yalitupwa nyuma, karibu na mashine, kwa sababu mbele palitakiwa pabaki wazi kwa watu. Mvua ilikuwa imenyesha ndani ya boti tangu alfajiri na hakuna aliyefungua kizibo cha kutolea maji. Maji yalikuwa yamekusanyika chini ya mbao, nayo pia yakatiririka kwenda nyuma. Abduba alipoushika mkono wa trela, safari hii hakuhitaji hata kuuinua. Ulikuwa umeshanyanyuka wenyewe, ukining'inia hewani, na ilibidi aukandamize kwa goti ili ukae juu ya tufe. Alimtazama Asenath. Asenath alimtazama yeye. Simu ikalia tena kutoka Wema, mtu mwingine, na wakaondoka.

Baada ya Minjila waliingia barabara ya kwenda Lamu. Barabara ile imeinuliwa kama tuta, na siku hiyo pande zote mbili palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yamesimama, na vichwa vya vichaka vikichungulia. Abduba alikwenda taratibu kadiri alivyoweza kuvumilia. Lakini alikuwa anafikiria kizingiti cha Buya, na mguu ukazidi kushuka kwenye mafuta bila yeye kuuamuru.

Lori lilitokea mbele, likikimbia kutoka upande wa Lamu kama linafukuzwa. Lilipopita, upepo wake uliipiga boti ubavuni.

Mkia ukaenda kushoto. Ukarudi. Ukaenda tena, mbali zaidi. Pikapu ikaanza kuyumba nao, na Asenath alihisi sehemu ya nyuma ya gari inanyanyuka, kana kwamba mtu mkubwa ameishika kiunoni na anaitikisa. Abduba hakupiga kelele. Alisema jina la Mungu mara moja, kwa sauti ya chini, na akagusa breki.

Alipoigusa tu, trela ikawapita. Asenath aliiona boti dirishani kwake, mahali ambapo boti haikupaswa kuwa. Kisha tuta likaisha, na pikapu ikashuka pua mbele ndani ya maji.

Aliporudiwa na fahamu, maji yalikuwa magotini na damu ilikuwa inamwingia jichoni. Injini ilikuwa imezimika. Palikuwa na ukimya mkubwa, na sauti ya mvua juu ya paa la gari. Abduba alikuwa amekaa wima kabisa, ameshika usukani, uso wake mweupe kama unga.

"Mguu," alisema. "Usiuangalie."

Trela ilikuwa imelala ubavu kwenye nyasi za tuta na boti imechomoka nusu. Asenath alikuwa anajaribu kuufungua mlango wa Abduba wakati simu ilipolia kifuani mwake, ndani ya mfuko wa nailoni alioutumia kuikinga na maji. Alikuwa Buya.

"Mmefika wapi, Mama?"

"Tumeanguka," alisema. "Tuko barabarani, karibu na daraja, gari liko majini. Abduba ameumia. Buya, sikiliza. Pandeni juu ya mti. Mkae huko huko mpaka nije. Umenisikia?"

Simu ilikuwa imekatika. Hakujua maneno gani yalifika na gani hayakufika.

Watu wa lori jingine waliwatoa. Abduba alikuwa amevunjika paja. Boti ikanyanyuliwa ikarudishwa juu ya trela, madebe na kamba vikatupwa tena ndani, ikavutwa na trekta mpaka mjini kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ilikuwa na mikwaruzo tu, na mashine ilikuwa nzima. Ni mambo kama hayo yanayomfanya mtu aogope zaidi: kilichokusudia kuwaua kilitoka bila jeraha. Asenath alimpigia Buya mpaka chaji ikaisha. Hakupatikana. Mitambo ya simu upande wa Wema ilikuwa imezima.

Hospitalini Abduba alilazwa karibu na dirisha. Alikuwa amepewa dawa ya maumivu, ila alikataa kulala mpaka aongee na Asenath.

"Mama Komora, nimekaa hapa nikafikiri," alisema. "Unamjua punda wa mkokoteni wa maji? Nilivuta maji na baba yangu nikiwa mdogo. Ukipanga madebe yote nyuma, ile miti miwili ya mbele inapanda juu, na mkanda wa tumbo unamnyanyua punda. Miguu yake haigusi ardhi. Hapo mkokoteni ndio unamwendesha yeye. Punda akiteremka mlima namna hiyo, anakufa."

"Pikapu ilikuwa punda," alisema Asenath.

"Ndiyo. Ule mkono ulikuwa mwepesi, na sisi tukafurahi." Alifumba macho. "Usiende na trela ile kabla mkono haujawa mzito. Lakini si mzito sana. Ukipanga yote mbele, punda anapiga magoti. Na watu wa Wema usiwaache."

Gari lilikuwa tatizo. Pikapu ya kikundi ilikuwa bado majini. Asenath alikwenda kwa Kadra, mwanamke wa Kisomali anayenunua maziwa ya ngamia vijijini na kuyaleta sokoni kwa pikapu yake mwenyewe. Pikapu hiyo ilikuwa na chuma cha kuvutia trela nyuma, aliyemuuzia alikiacha humo.

"Sijawahi kuvuta trela, Mama Komora."

"Mimi nimewahi kuvutwa nayo. Inatosha kwa sisi wawili."

Kadra alimtazama bandeji ya kichwani, akachukua ufunguo.

Walipeleka trela kwa Charo, fundi wa kuchomelea mwenye kibanda nyuma ya soko. Kitu cha kwanza Asenath alichofanya ni kuchomoa kizibo. Mvua ya usiku ilikuwa imeijaza tena boti, na maji yalitoka chini yake kwa muda mrefu sana, mpaka Charo akaacha alichokuwa anafanya akaja kutazama. Walitoa madebe na kamba zote. Kisha Charo akaleta mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia magunia wanunuzi wa maembe, akaifunga kwenye boriti ya kibanda, wakauning'iniza mkono wa trela kwa kamba, boti ikiwa sawasawa na ardhi. Mshale ulisogea kidogo ukasimama.

"Huyu ni mtoto wa mbuzi," alisema Charo. "Na hapa umeshatoa maji. Jana haukuwa na uzito wowote. Labda ulikuwa unavuta kwenda juu."

Charo alikuwa amewahi kufanya kazi Malindi kwenye uwanja wa boti za wageni. Alisema kule walitaka mkono ubebe kama sehemu moja ya kumi ya mzigo wote. Kwa boti hii na mashine yake na trela yake, ingekuwa sawa na uzito wa mtu mzima mwembamba. Kama mwili wa Asenath, alisema, kisha akaona aibu kwa kusema hivyo.

Nati za nguzo ya winchi zilikuwa zimeshika kutu. Walizimwagia dizeli, wakazipiga nyundo, moja ikakatika. Nje mvua ilikuwa imerudi, na watu walikuwa wakipita na magodoro kichwani kutoka mitaa ya chini. Nguzo ilipolegea waliisogeza mbele, wakaivuta boti kwa winchi mpaka pua ikaigusa, kisha Charo akakata kipande cha chuma cha nyuma cha trela ili mguu wa mashine upate nafasi. Wakafunga mkono kwenye pikapu ya Kadra.

Pikapu ikakaa chini. Nyuma ilizama na mbele ikainuka, taa zikatazama mawinguni. Kadra aliingia akazungusha usukani, akatoka nje polepole.

"Magurudumu ya mbele hayashiki," alisema. "Nazungusha kama nazungusha sufuria. Kwenye tope tutakwenda moja kwa moja mtoni."

Asenath alitaka sana kuondoka. Kila alipotazama mtaa aliona maji yakiwa yamepanda. Lakini alimkumbuka Abduba dirishani, akasema boti wairudishe nyuma kidogo. Wakafungua tena. Wakasogeza, wakapima, wakapakia madebe katikati, juu ya ekseli, wakapima, wakasogeza tena. Mwishowe mshale ulisimama pale Charo alipotaka, na pikapu ikakaa kama gari lililobeba mtu mmoja mnene nyuma. Charo alikaza nati ya mwisho, akafunga kibanda, akapanda nao bila kuombwa.

Ilikuwa karibu saa sita mchana walipoingia barabara ya Lamu. Usiku mmoja ulikuwa umepita kati ya simu ya Buya na safari hii.

"Ikianza kucheza nifanye nini?" Kadra aliuliza.

"Usiguse breki. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani, usibishane nayo. Iache ichoke yenyewe."

Maji yalikuwa yamepanda pande zote mbili. Vichaka vya jana havikuonekana. Walipofika mahali pa ajali, pikapu ya Abduba ilikuwa imezama mpaka kwenye paa, na ndege mmoja mweupe alikuwa amesimama juu yake. Kadra alimtazama yule ndege muda mrefu kuliko inavyofaa kwa dereva. Kisha basi likatokea mbele.

Lilipita karibu. Asenath alishika kiti. Upepo uliipiga boti, na mara moja, mara moja tu, alihisi msukumo begani. Kisha hakuna. Kwenye kioo boti ilikuwa nyuma yao, imenyooka.

Kadra alitoa pumzi. Wala hawakufurahi. Ilikuwa rahisi mno, na urahisi ule ulimfanya Asenath ahesabu moyoni kila kitu ambacho kingekuwa tofauti kama mshale ungesomwa jana.

Waliingiza boti majini pale lami ilipoishia. Kadra alibaki na gari. Wema yenyewe watu walikuwa wamekimbilia kwenye mwinuko wa shule, walisimama wakipunga nguo. Asenath aliwaonyesha kwa mkono kwamba atarudi, akaelekea kwanza kwa Buya, kwa sababu kwake hakukuwa na mwinuko wowote.

Shamba halikuwepo. Migomba ilionekana ncha tu, na paa la nyumba lilikuwa limetengana na nyumba na kuegemea mkuyu. Ndani ya mkuyu, juu, alikuwapo Linda, mke wa Buya. Alikuwa amejifunga kwenye tawi kwa leso, na mtoto amemfunga kifuani kwa leso nyingine. Mtoto alikuwa amelala. Linda alikuwa macho, lakini boti ilipogusa mti hakugeuka mpaka Charo alipomshika mguu.

Walimshusha taratibu. Asenath alimpa maji na kumfunika.

"Buya yuko wapi?"

Linda alionyesha kwa kidevu upande ambako boti ilitokea, upande wa barabara.

"Alikuja kwenu," alisema.

"Nilimwambia mkae juu ya mti."

"Tulipanda. Kisha akasema, wale wameanguka majini na gari, Abduba ameumia, na mama yule ni mtu mzima. Nani atawatoa? Nikamwambia usiende. Akasema mtumbwi anao." Alimpangusa mtoto uso, polepole. "Hamkuonana?"

Charo aliinamisha kichwa. Asenath alikuwa ameshika usukani wa mashine, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wake aliutazama mto na hakuona kitu chochote chini yake.

"Hatukuonana," alisema.

Siku hiyo aliwavusha watu wote wa mwinuko wa shule, safari baada ya safari, wazee na kuku na magunia. Alifanya hivyo vizuri, wanasema, bila kukosea hata mara moja. Kila safari alipita njia tofauti kidogo akitafuta mtumbwi. Charo aliuona jioni, umepinduka, umenasa kwenye mikindu. Hawakumwambia Linda mpaka alipokula.

Buya alipatikana chini kabisa, karibu na Ozi, maji yalipoanza kushuka. Wavuvi walimkuta kwenye matete. Mwili haukuweza kusafirishwa, barabara zilikuwa bado zimekatika, hivyo watu wa Ozi, ambao hawakumjua, walimzika ukingoni, wakampigia Asenath simu kumwambia mahali.

Abduba alitoka hospitalini akitembea kwa magongo. Hakuendesha tena trela. Alipopewa habari za Buya alisema, "Nilimsikia akiongea na wewe kwenye simu. Sauti yake ilikuwa nzuri." Siku hizi, kila boti ikipakiwa, yeye huketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mizani na hakuna anayeondoka bila yeye kuutazama mshale. Wageni hudhani ni mlinzi. Kadra ndiye anayevuta.

Linda hakurudi shambani. Anaishi Garsen na anapika chakula sokoni. Kwa muda mrefu alikuwa akimsalimu Asenath kwa upole na kupita. Kisha mwaka huu, kabla ya mvua, alikuja uani na mtoto, akaomba apelekwe Ozi.

Walikwenda asubuhi. Wakafunga boti kwenye kigingi, na mzee mmoja wa pale, aliyekuwapo siku ya maziko, akawaongoza mpaka kaburini. Lilikuwa limepangwa vizuri, na mtu alikuwa amepanda maua kando yake. Lakini ukingo ulikuwa umeliwa. Palipokuwa na uwanja sasa palikuwa na hatua chache tu, kisha udongo ulikatika wima mpaka majini, na mizizi ilikuwa inaning'inia.

"Mwakani hautakuwapo ukingo huu," alisema mzee. "Mukimtaka, mumuhamishe mapema."

Linda alisimama akatazama. Mtoto alitaka kusogea kuchungulia, akamshika mkono.

"Tutamchukua kabla ya mvua," alisema. Kisha akamgeukia Asenath. "Utamleta mwenyewe?"

"Nitamleta mwenyewe."

Waliomba, wakakaa kidogo, wakarudi kwenye boti. Asenath aliinama kufungua kamba, akabaki hivyo hivyo, mkono kwenye kigingi. Walipofika, kigingi kilikuwa na alama ya tope kavu juu ya maji. Sasa alama ilikuwa imefunikwa, na maji yalikuwa yameipita kwa upana wa kiganja.

Mzee alimwona anavyotazama. "Ni bahari yajaa," alisema. "Hapa huja mara mbili kwa siku. Si mto."

Asenath alichota maji kwa kiganja, akayaonja. Hayakuwa na chumvi.